Njia Ndefu ya Fofò Mangiaracina

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Waliosema hivyo hawakumjua Fofò Mangiaracina. Njia yake ilianzia mbele ya Kanisa Kuu la Palermo, ikashuka barabara ya Cassaro hadi Pembe Nne, ikazunguka Chemchemi ya Aibu na masanamu yake yasiyo na nguo, ikaingia mtaani kwetu Kalsa, ikaishia ukingoni mwa bahari, ambako wageni wake walivua viatu na kupapasa malengelenge. Asubuhi nzima kwa miguu, na hakuna kona aliyoipita bila kuiachia uongo, kama mbwa anavyoiachia kila nguzo mkojo wake.

Namjua tangu hajaota jino. Baba yake aliuza pweza wa kuchemsha, mtu wa kisu na kimya. Mdomo ule mwanawe aliurithi wapi, sijui. Shule ilimshinda. Kazi ya pweza aliiona inanuka. Akaenda kwenye jumba la opera, wakampa mkuki asimame nyuma ya waimbaji, na hata huko wakamfukuza, maana alikuwa anafungua na kufumba mdomo wakati wa wimbo ili watu wadhani ni yeye anayeimba. Mwisho akakimbilia Ujerumani, akabeba sahani mahotelini mpaka nywele zikaanza kumtoka, kisha akarudi na Kijerumani, Kiingereza, suti nyeupe ya kitani, kofia ya ukili na fimbo yenye kichwa cha fedha ya bandia. Hazikupita siku nyingi akawa anaitwa Profesa. Aliyeanza kumwita hivyo ni yeye mwenyewe.

Mimi naitwa Liborio, natunza funguo na mishumaa ya kanisa dogo la mtaa. Zamani nilikuwa mpishi wa meli, na bahari ndiyo iliyonifundisha Kiingereza. Kukisema nakisema kama mtu anayetafuna kokoto, lakini kukisikia nakisikia vizuri. Fofò hakulijua hilo, au alilijua akanipuuza. Alilipenda kanisa letu kwa sababu lina kivuli na mabenchi. Kila asubuhi aliwaingiza wageni wake wamelowa jasho, akanyoosha fimbo, akaanza kutapika uongo wake.

Tuna picha ya Bikira Maria juu ya altare ya pembeni. Ilichorwa na shemeji yake padri aliyetangulia, fundi wa mabango ya maduka, na ndiyo maana Bikira ana shavu kama nyanya ya kopo. Fofò aliwaambia wageni kwamba ilichorwa na mtawa kipofu aliyeongozwa mkono na malaika.

"Fofò," nikamwambia siku moja walipotoka, "ile picha kaichora shemeji ya padri, na wewe unajua."

"Mjomba Libò, shemeji ya padri halizi mtu."

"Na lazima walie?"

"Wametoka mbali. Wasipolia watasema wamepoteza likizo."

Kule barazani mwa Kanisa Kuu kuna nguzo iliyochongwa aya ya Kurani, imebaki tangu enzi za Waarabu, na kila mtoto wa Palermo anajua hivyo. Fofò aliwaambia watu kwamba ni barua ya amiri kwa mpenzi wake aliyemtoroka. Siku moja mgeni mmoja kutoka Tunisia akaisogelea, akaisoma kwa sauti kama inavyostahili kusomwa, na watu wote barazani wakanyamaza. Fofò akamngoja amalize, akafuta jicho, akasema, "Mmesikia uchungu wa mapenzi?" Yule Mtunisia alimtazama kama mtu anavyotazama kitu kilichonata kwenye kiatu, akaondoka zake.

Nao wageni wasinifanye nimlaumu yeye peke yake. Walikuja na kofia zao na chupa zao za maji, wakapiga picha suruali zetu za ndani zilizoanikwa, wakapiga picha paka, wakapiga picha shimo la bomu la wakati wa vita wakidhani ni bustani ya kale. Ukiwauliza jioni walikuwa wapi, wangesema Naples.

Sasa nyuma ya kanisa letu kuna uchochoro, na uchochoroni kuna jumba lililokuwa la Baroni wa Fontanarsa. Siku hizi limegawanywa vyumba, kila chumba na shida yake. Ghorofa ya tatu ina roshani yenye vyuma vilivyobinuka kama tumbo la mjamzito, na chini kabisa, palipokuwa zizi la farasi, aliishi Provvidenza Vassallo, mjane, mwanamke wa zaidi ya miaka sabini, mkavu kama samaki wa ng'onda. Alitufulia vitambaa vya altare. Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache yalikata.

Uchochoro ule haukuwa na kitu cha kuonyesha. Fofò alihitaji kitu, maana kati ya kanisa letu na bahari ni mwendo, na wageni wakikaa muda mrefu bila kudanganywa huanza kuona njaa. Basi akazua bibi harusi. Akasema aliitwa Eleonora, bintiye Baroni, alilazimishwa kuolewa na mzee wa cheo naye alimpenda baharia. Asubuhi ya harusi akapanda ukingo wa ile roshani akajirusha, na shela lake likapeperuka hadi kwenye kuba la kanisa. Wageni wakaguna. Wanawake wakawashika waume zao mikono. Haikuchukua muda wakaanza kuja na maua, wakayarundika chini ya roshani, yaani mlangoni kwa Provvidenza, yakaoza pale, nzi wakaja.

Provvidenza alifagia mara ya kwanza. Akafagia mara ya pili. Mara ya tatu akamuuliza Sarina, muuza samaki wa mdomo wa uchochoro, haya maua ni ya nani. Sarina akacheka mpaka akaweka kisu chini, akamsimulia.

Siku hiyohiyo Provvidenza alimngoja Fofò kwenye ngazi za kanisa. Mimi nilikuwa nachubua nta kwenye vinara, mlango wazi.

"We Fofò, njoo hapa."

"Shangazi Provvidenza! Leo umependeza."

"Nimependeza kwa kuolewa na nani? Niambie, ni nani aliyeanguka kwenye ile roshani?"

"Ah, shangazi, ile ni hadithi tu ya kuwafurahisha..."

"Nimekuuliza ni nani."

Fofò akavua kofia, akaichezea ukingo. "Mjomba Rosolino. Mungu amrehemu."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa mtoto, shangazi."

"Ulikuwa unacheza gololi pale pale. Moja ikaviringika mpaka kwake, nawe ukaenda kuiokota, mimi nimemshika kichwa. Ukaifuta kwenye kaptula ukaendelea kucheza. Sikukulaumu, ulikuwa mtoto. Sasa una upara. Huyo bibi harusi umemtoa wapi?"

"Shangazi, tuseme ukweli." Akashusha sauti, kama anayemfundisha mtu biashara. "Nani atatoka Uswidi kuja kusikiliza habari za fundi lipu? Mafundi lipu wanao kwao, tena wanawachosha."

Nilitegemea kofi. Provvidenza alimtazama tu, akageuka, akaenda zake na makubadhi yake yakiburuza kwenye mawe.

Ilikuwaje, kila mtu wa rika letu anaijua. Mwaka wa tetemeko, sitini na nane, ile roshani ilipasuka. Baroni alikuwa anaozesha binti yake Jumapili, na hakutaka wageni wake wainue macho waone ufa. Akamwita Rosolino Vassallo, fundi lipu, kijana wa watu, mume wa Provvidenza. Rosolino akasema hapa panahitaji jukwaa la mbao, na chuma kile kimelegea. Baroni akajibu kwamba jukwaa litaharibu maua ya bustani, na kwamba fundi wa kweli hutembea kama paka. Rosolino akapanda na kamba. Chuma kikang'oka. Wakamwaga maji na siki kwenye mawe, wakasugua, na Jumapili wageni wa Baroni wakapita juu ya mawe hayohayo na viatu vya kumeremeta. Bibi harusi hakujirusha popote. Aliolewa, akala, akanenepa, na mpaka leo yuko Roma anacheza karata na wajane wenzake. Baroni, kwa ukarimu wake, alimpelekea Provvidenza sinia la lozi za sukari, zile za harusi. Provvidenza alizimwaga mtaroni moja moja, na Sarina, wakati huo binti mdogo, ndiye aliyesimama naye akizimwaga. Kumbuka hilo kuhusu Sarina.

Kesho yake Fofò alipokusanya watu wake mbele ya Kanisa Kuu, alimkuta Provvidenza amefika. Nguo nyeusi, makubadhi, na kiti kidogo cha matete amekikumbatia. Kikundi kilipoanza kutembea naye akatembea. Kikisimama, anaweka kiti, anakaa, anamtazama Fofò mdomoni. Kikiondoka, ananyanyuka. Hakusema neno. Aliwafuata Pembe Nne, akakaa. Akawafuata kwenye chemchemi, akakaa kati ya miungu uchi amefumbata mikono. Akawafuata mpaka kanisani kwangu, na nilipomletea maji akayanywa bila kumwondolea Fofò macho.

"Shangazi, jua hili litakuua," Fofò akamwambia kwa Kisisilia, akitabasamu ili wageni wasielewe.

Kimya.

"Unataka nini? Sema!"

Provvidenza akasogeza kiti mbele kidogo.

Hivyo hivyo siku iliyofuata, na nyingine. Mji ukapata mchezo. Kinyozi wa kona akawa anatoka na wembe mkononi, mteja amebaki na povu. "Profesa! Mama mkwe amechoka, mpakate!" Wauza bajia za dengu wa soko la Ballarò wakawa wanampa Provvidenza bajia ndani ya mkate anapopita, naye anakula akitembea, anamtazama. Fofò alianza kutoka jasho hata kivulini. Mwanzoni aliwaambia wageni kwamba ni mama wa mtaani, akili zimeruka. Wageni wakamhurumia, na wengine wakataka kumpa sarafu; Provvidenza akawatazama vile alivyokuwa akinitazama mimi vitambaa vikiwa na mvinyo, sarafu zikarudi mfukoni.

Lakini mtu asiye na haya hakwami. Siku moja nikamsikia kanisani, kwa Kiingereza, ameshusha sauti kama anayefichua siri: "Mnamwona yule mama? Huyo ni damu ya mwisho ya Eleonora. Marehemu alikuwa shangazi yake. Kila siku anatembea njia aliyoitembea marehemu. Msimpigie picha waziwazi."

Bila shaka wakampigia wote.

Nilimfuata Provvidenza nje. "Unajua amesema nini juu yako?"

Nikamweleza. Akakinyanyua kiti chake.

"Basi leo nitasema," akasema. "Njoo usikie."

Nikafunga kanisa nikaenda. Uchochoro ulikuwa umejaa. Habari Kalsa haihitaji miguu. Sarina na visu vyake, kinyozi, wanawake kwenye roshani. Wageni kama ishirini hivi, na Fofò katikati na fimbo yake juu. Aliponyoosha fimbo kuonyesha roshani, Provvidenza akapanda juu ya kile kiti. Kinyozi akamshika kiwiko.

Akasema kwa lugha yetu, polepole, sauti haipandi haishuki. Akasema jina la mumewe. Akasema chuma kilikuwa kimelegea na Baroni aliambiwa. Akasema alikuwa ameshikilia sufuria ya biringani aliposikia kishindo, na alijua kabla hajatoka nje. Akasema habari ya siki. Akasema habari ya lozi. 

Wageni wakamgeukia Fofò. Na Fofò, mwana wa muuza pweza, akaweka kofia kifuani akatafsiri.

"Anasema," akasema kwa Kiingereza, na sauti ikamtetemeka vizuri sana, "anasema shangazi yake alikuwa mweupe kama njiwa. Anasema siku ile mji mzima ulinuka maua ya limau. Anasema baharia alikuja jioni akakuta shela tu, akalibusu, akaingia baharini asionekane tena."

Wanawake wawili wakalia. Mwanamume mmoja mwekundu kama kamba aliyechemshwa akaanza kupiga makofi, na wenzake wakamfuata. Provvidenza, juu ya kiti, alidhani wanampigia makofi Rosolino. Akainamisha kichwa. Akawashukuru.

Nimepika kwenye meli zilizobeba majambazi. Sijaona uso mchafu kama uso wa Fofò dakika ile, na uchafu wenyewe ni kwamba alikuwa anafurahi.

Nilikuwa nafungua mdomo na kokoto zangu za Kiingereza, lakini mtu alinitangulia. Nyuma ya kikundi alisimama mama mmoja mfupi, mwenye kofia ya jua, tangu asubuhi hakuwa amesema lolote. Alikuwa Ofelia Tumminello kutoka Argentina. Bibi yake mzaa mama aliondoka Bagheria, mji wa jirani hapa, na sanduku la nguo, akamlea mjukuu kule kwa Kisisilia kitupu, Kisisilia cha miaka mia iliyopita. Na hicho ndicho alichokitoa.

"Ewe bwana," akamwambia Fofò, "mbona wanena uwongo? Huyu mama hakunena hayo. Amenena mumewe ameuawa."

Kinyozi akapasua kicheko. "Huyu kafufuka kaburi gani?"

"Nyamaza wewe," Sarina akamkemea. "Mwache aseme."

Ofelia akasogea mbele, akasimama karibu na kiti, akawageukia wageni. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, lakini hakuruka kitu. Jukwaa la mbao. Kamba. Siki. Alipofika kwenye lozi za harusi hakuwa na neno, akamuuliza Fofò lozi wanaitaje kwa Kiingereza.

"Sijui," Fofò akasema.

"Unajua," nikasema mimi, na nikalisema neno lenyewe kwa sauti.

Sasa ungedhani wageni wangemrukia. Kijana mmoja kweli alitukana akaondoka. Wale wanawake wawili waliolia walibaki na leso mkononi hawajui wazipeleke wapi. Na yule mwekundu akainua kidole, kwa adabu kabisa, akauliza: "Samahani, lakini bibi harusi alikuwepo, sivyo?"

"Alikuwepo," Ofelia akamjibu. "Alikula keki."

Fofò alijaribu kujiokoa. Akazungumzia hadithi za kale, moyo wa watu, kwamba ukweli ni mbegu na simulizi ni mti. Provvidenza akamkatiza. Kwa wakati huo kinyozi alikuwa amekwisha kumnong'oneza makofi yale yalikuwa ya nini, na uso wake ulikuwa umebadilika.

"Fofò. Sema jina lake."

"Shangazi, mbele ya watu..."

"Mbele ya watu ndiyo. Uliniambia mwenyewe kwenye ngazi za kanisa. Sema tena."

"Sema!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka ghorofani. "Au ulimi umebaki Ujerumani?"

"Sema, kichwa cha pweza!"

Akasema. "Rosolino Vassallo." Alilisema na mkono kifuani, macho juu, sauti ya opera, na hata jina la mtu aliyekufa likatoka mdomoni mwake linanuka uongo. Provvidenza akashuka kwenye kiti, akaingia ndani, akafunga mlango. Ofelia akabisha. Akafunguliwa. Akala chakula cha mchana huko, na akasafiri kurudi kwao bila kuiona bahari, nadhani ndiye mgeni pekee aliyeona Palermo mwaka ule.

Fofò akapotea. Tulisema amekwenda tena Ujerumani, na kwa muda Kalsa ilipumua. Maua yakakoma. Kisha, majira ya mvua ya kwanza, nikasikia fimbo ile inagonga sakafu ya kanisa langu. Suti ileile, watu wapya, na kwenye kola ameweka utepe mweusi. Nikasikiliza. Alikuwa anawaambia kwamba leo watatembea Njia ya Fundi Lipu. Kwamba mji wa Palermo haukujengwa na wafalme ila na mikono ya maskini. Kwamba yeye mwenyewe ni mpwa wa fundi mmoja shahidi, na kwamba fundi huyo alimfia mikononi.

"Mikononi mwa nani?" nikamuuliza walipotoka. "Wewe uliokota gololi."

"Mjomba Libò, hamridhiki nyie? Mlitaka ukweli, nimewapa ukweli."

Na ilipendwa, hiyo ndiyo balaa. Ilipendwa kuliko bibi harusi. Wageni wa siku hizi wanapenda maskini waliokufa, wanajisikia wameelimika. Wakaanza tena kuja na maua.

Nikadhani Provvidenza atamchoma kisu. Badala yake alichukua kiti chake akaenda tena. Mwanzoni sikumwelewa, nilimdharau hata yeye kidogo, nikadhani amezoea kutazamwa. Kisha nikaenda nikaona. Alikuwa anakaa mbele kabisa, na Fofò kila alipotoka nje ya mstari, aligonga mguu wa kiti kwenye jiwe. "Haikuwa jioni." Tak. "Hakuwa na nywele za dhahabu, alikuwa mweusi wa jua kama mimi." Tak. "Hakusema neno lolote la mwisho. Waambie hakusema." Na Fofò alitafsiri, shingo imejikunja, maana sasa mtaa mzima ulikuwa unamsikiliza, na kinyozi alikuwa amejifunza Kiingereza cha kutosha kumnong'oneza mjane kila uongo na kumtukana Fofò. Kwa miaka michache, ile hadithi ya Rosolino ilisimuliwa sawasawa Palermo, si kwa wema wa mtu, bali kwa sababu mjane wake alikaa mita mbili mbele ya mwongo na hakupepesa macho. Mjane akiumwa mafua siku moja tu, Fofò aliongeza njiwa.

Provvidenza alifariki majira ya baridi ya mwaka juzi, mapafu. Fofò alibeba jeneza begani upande wa mbele, akalia kuliko ndugu, na tulipopita Kanisa Kuu niliona kwa macho yangu amepunguza mwendo na mkono wake unatafuta fimbo. Sarina alilia kweli. Mimi nilizima mishumaa nikafua vitambaa mwenyewe, na sikuvifua vizuri.

Majira ya joto hayakuwa hata yamefika nikamsikia Fofò tena. Hakuingia kanisani, nilikuwa nimempiga marufuku. Alisimama nje, chini ya dirisha, akiwasimulia wageni. Rosolino, fundi lipu, alimpenda bintiye Baroni. Alipanda roshani usiku wa kuamkia harusi kumuaga. Chuma kikang'oka, naye bibi harusi, kumwona ameanguka, akajirusha amfuate. Wote wawili. Kwenye mawe yaleyale. Na mjane? Mjane hakuwepo tena. Fofò alimfuta, kama alivyofutwa mumewe kwa siki.

Nikatoka nikashuka hadi kwa Sarina. Alikuwa anapanga dagaa kwenye barafu.

"Umesikia anachosema sasa?"

"Nimesikia," akasema. "Wageni wanalia, Mungu wangu. Jana mmoja aliketi hapa nikampa maji."

"Sarina, wewe ulikuwepo. Ulisimama naye akimwaga lozi mtaroni."

"Nilikuwepo, mjomba, sijasema sikuwepo." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Lakini na wewe! Kuanguka kwa mapenzi si bora kuliko kuanguka kwa kiburi cha mtu?"

"Bora kwa nani?"

"Kwa wanaosikia, bwana. Rosolino mwenyewe angependa. Unachukua dagaa au huchukui?"

Nikamwambia sichukui. Siku hizi dagaa nanunua Ballarò, ingawa wa kule hufika wamelala.